Ukuta Haupitishi

Mimi filamu nazijua kwa upande wa ukuta.
Dirisha langu la tiketi limepakana na spika ya kushoto,
kwa hiyo miaka kumi na tisa hapa Akola
nimesikia wapenzi wakiapa, sura sizioni,
na majambazi wakifa kwa kishindo
kinachorusha chenji zangu mezani.

Hii ya safari hii ilikuja na mabango ya kufunika mji.
Ijumaa foleni ilizunguka duka la dawa
mpaka kwa mshona viatu. Waliingia wakipiga mbinja.
Walitoka — basi, penye wengi pana mengi,
na mengi yote hupitia dirishani kwangu
kana kwamba ni mimi niliyeandika mwisho.

"Steringi kazeeka," alisema Pralhad wa karakana,
"anamkimbilia binti kama anakimbilia basi lililokwisha kuondoka."
Ketaki, bado na sare ya uuguzi, macho mekundu:
"Wewe umeangalia magoti. Mimi nimeangalia mikono.
Uliona alivyoishika ile barua?"
Hakuona. Alikuwa nje anavuta sigara.

Kwenye nyimbo ndiko vita haswa.
Ule wa harusi umeshauteka mji,
unalia kwenye riksha, kwa kinyozi,
kwenye simu ya daktari wa meno katikati ya kung'oa.
Wa pili una theluji: dada kavaa sari nyepesi,
bwana kajifunika koti mpaka masikioni,
na mama Sulochana alinigongea kioo kuuliza
kama kampuni nzima haina hata shali ya kumwazima.
Wa tatu, vijana wanasema umeibwa.
Wazee wanasema ndiyo, umeibwa kwetu.

Wa nne hauna mwenyewe.
Dakika sita, zumari na sauti ya mwanamke, ngoma hakuna.
Ukianza tu viti vinalia, milango inafunguka,
nusu ya jumba inakuja kununua karanga.
Hata Vamanrao wa mashine huenda msalani.

Isipokuwa Dagdu.
Siku kumi na moja, onyesho la mchana,
noti zimekunjwa ndogo kama vidonge.
Anaingia wenzake wakitoka,
wakirudi anaondoka, wanapishana mlangoni
wakidhani kakosea saa.
Alikuwa mpiga zumari wa bendi ya harusi
kabla wenye malori ya spika hawajawanyang'anya maharusi.
Siku ya tano nikamuuliza.
"Anapumua," akasema.
"Nani?"
"Mpigaji. Kabla ya ubeti wa pili. Wamesahau kuifuta.
Zile nyingine zote zimepigwa na watu wasio na mapafu."

Jioni ile nikabana sikio ukutani.
Ukuta hupitisha ngoma, hupitisha risasi na kilio cha mama mkwe.
Pumzi haupitishi.

Alhamisi mwenye jumba akaamuru wimbo urukwe;
filamu ndefu, watu wananung'unika.
Dagdu akaingia, akatoka mapema, akasimama dirishani.
Hakudai pesa. Alisema tu,
"Leo wamepita moja kwa moja kwenye moto,"
kama mtu anayekueleza barabara iliyofungwa.

Ketaki aliyeipenda filamu akauliza, "Kwani kuna wa nne?"
Pralhad aliyeichukia ndiye aliyepanda ngazi,
nikamsikia akimfokea Vamanrao:
"Filamu mbovu, sawa! Lakini nimelipia ubovu wote,
nionyeshe ubovu wote! Nani kakutuma unichagulie?"

Ijumaa nikageuza kibao, NARUDI SASA HIVI,
nikakaa kiti cha nyuma ya Dagdu.
Kumbe yule dada wa theluji ana kovu kidevuni.
Miaka yote hii, na sauti haikuwahi kuniambia.
Zumari ikapanda, ikakaa juu, ikakaa.
Dagdu akainua kidole kimoja, hakugeuka.

Na hapo hapo mtu akapasua karanga.

"Umesikia?"
Nikasema ndiyo.

Nimejikatia tiketi ya kesho. Nimejitoza bei kamili.