Sampuli ya Kumi na Nne

Jiwe lilifika Mlimani Jumanne,
jeusi kama sufuria la msibani,
ndani ya gazeti lililotoboka.
Sikitu akajaza fomu:
lava ya Lengai, kreta ya kaskazini, bado changa.
Mgunduzi:
kalamu ikasita.

Lemburisi, aliyeshuka nalo begani
soli zikinuka moto,
alicheka kwenye simu:
"Kwani mlima ulikuwa umepotea?"

Kiyoyozi kilikufa tangu Pasaka.
Jasho la Dar likapenya kabatini;
Ijumaa jiwe limeota mvi,
limelegea kama andazi la juzi.

Sikitu akagusa unga, akaonja.
Magadi.
Yaleyale ya bibi yake Buguruni,
kijiko kimoja, na maharage magumu yakasalimu amri.

Fomu aliirudisha
na pengo lake.