Pazia

Wanasema macho hayana pazia.
Mimi hulipwa kwa siku, shilingi mia nane,
kulipima pazia hilo.

Chumba ni kidogo, ghorofa ya pili, Kisumu.
Dirisha tumeliziba kwa blanketi la kijivu
na bado harufu ya omena inapanda ngazi.
Nabandika vijiwaya viwili chini ya jicho la kushoto,
gundi baridi, pole mama.
Picha moja, sekunde sita.
Halafu mlio sikioni, mfupi,
kama kifuniko cha sufuria kikiangukia saruji,
na kope zinaruka.
Picha ikipendeza zinaruka kidogo.
Ikitisha, mstari kwenye kompyuta unapanda mlima.
Ndiyo kazi yote.

Alhamisi alikuja Tafroza Nabwire, wa Budalang'i.
Nyoka: kope zikatulia.
"Huyo ni wa jembe," akasema, nami nikamwomba asiongee.
Bunduki. Keki ya harusi. Kidonda.
Vilima vidogo vidogo, kama vichuguu.
Nikapiga miayo.

Kisha picha ya kumi na tisa,
ambayo orodha yetu inasema: haimgusi mtu.
Beseni la plastiki, la buluu, tupu, juu ya meza.

Mstari ukatoka nje ya kioo.

Nikadhani waya umelegea. Nikaukaza, nikarudia.
Beseni. Mlio. Mlima ule ule.
Hakulia. Aliuliza tu
beseni hilo ni la nani.
Ni picha tu, mama, halina mwenyewe.
"Lina mwenyewe," akasema. "Ana miezi saba.
Nzoia ilipovunja ukingo nililishika hapa, kwenye mdomo,"
akakunja vidole vinne hewani,
vikashika,
kisha kimoja kikateleza,
na waya shavuni mwake ukatikisika
bila mlio wowote kupigwa.

Jioni mkuu wangu alitazama ule mlima akasema: hitilafu, futa.
Kwenye daftari nikaandika namba ya mshiriki, saa, tarehe.
Mahali pa maelezo nikaacha wazi,
kalamu ikiwa mkononi.

Nyumbani Nyalenda beseni letu liko mlangoni,
lina maji ya sabuni na soksi za mwanangu, moja imegeuzwa ndani nje.
Nikachuchumaa mbele yake.
Nikalitazama bila kupepesa,
nikihesabu, sita, kumi, ishirini,
hadi macho yakaanza kutoa maji yenyewe.