Moshi na Kisu

Mtoki wa kwanza niliuona nikinyoa,
kwenye kipande cha kioo, asubuhi ya mnada wa tumbaku.
Nikadhani jipu. Nikalipaka mafuta ya nyonyo,
nikapanda baiskeli yangu.

Dawa ya kwanza iliuyeyusha kama nta juani.
Tukachinja jogoo. Mke wangu Nyamizi
akaitangazia Isevya nzima kwamba nimepona,
na kwa miezi kumi na mmoja nilikuwa nimepona kweli.
Kisha ukarudi, shingoni palepale,
kama mdai anayeijua nyumba, hapigi hodi.
Dawa ya pili haikuutikisa.
Nywele zilikwenda, mtoki ukabaki.

Sasa dawa ni mbili kwa mpigo mmoja.
Daktari Rwechungura alivuta kigoda, akakaa,
magoti yake yakakaribia yangu:
"Nikikwambia zitakuponya nitakuwa nakudanganya.
Moja huuvua ugonjwa ngao, nyingine huupiga.
Kila moja peke yake tunaijua.
Zikikutana, hapo ndipo tunapouliza.
Na wewe utakuwa sehemu ya swali."

Kurasa kumi na nne. Nimezisoma zote,
maana baba alituasa, mimi na Kulwa:
usitie kidole pasipo jicho.
Ukurasa wa tisa: naweza kujitoa siku yoyote
wala hakuna atakayeninunia.
Nikasaini. Doto Mhoja.
Wao wameniandika 017.

Nesi anayetundika dripu ni mtu wa Kasulu,
kitambulisho chake kimeandikwa Bukuru.
Nikamwuliza, na mdogo wako Butoyi yuko wapi?
Akacheka. Kanula ikatulia mshipani.
"Yuko Uvinza, anachemsha chumvi. Na Kulwa wako?"

Kulwa wangu.

Tulikuwa tukirina pamoja misitu ya Sikonge,
mizinga ya magome juu kwenye mitundu.
Yeye moshi, mimi kisu.
Moshi bila kisu, nyuki wanalala, wanaamka,
unashuka na macho mekundu na mtungi mtupu.
Kisu bila moshi, waulize waliojaribu
kama bado wana midomo ya kujibia.
Alipokufa (ilikuwa homa, si nyuki)
niliitundika kamba ya kupandia darini.
Miaka ishirini na miwili asali nainunua,
mimi, mtoto wa Mhoja,
kwa chupa ya soda, kwa bei ya mgeni.

Dripu ya kwanza haina rangi.
Ya pili nyekundu kama maji ya choya.
Nafumba macho: mmoja ametangulia na mwenge,
mwingine nyuma yake, kisu kiunoni.
Pandeni taratibu, jamani.
Tawi hilo ni mimi.

Usiku treni ya Mpanda inapiga honi.
Vidole vimekufa ganzi,
ugali una ladha ya sarafu.
Kitanda cha dirishani kimetandikwa upya:
Masunga, 016, ini lilikataa,
wamemrudisha Urambo na barua.
Nikamwuliza Bukuru, basi yeye ameharibu hesabu?
"Hapana," akasema. "Naye ni jibu."
Nililalia neno hilo kama mtu aliyelalia jiwe,
mpaka adhana ya alfajiri.

Leo ni mzunguko wa tatu. Wamepima kwa rula ya chuma:
sentimita nne nukta moja.
Mwezi uliopita zilikuwa nne nukta sita.
Daktari ameandika. Hakutabasamu. Akapima tena.

Nyamizi anataka kuchinja jogoo.
Nimemwambia mwache awike kwanza.

Ila ile kamba nimemwagiza ailete.
Sipandi popote, mwili wenyewe huu.
Nataka tu kuipitisha mikononi, pima kwa pima,
nijue panya wamebakisha nini.