Mpangaji si Mpandaji

Siku ya kunikabidhi ufunguo, Mzee Mwambenja
alinionyesha choo, bomba, kamba ya nguo,
halafu akagonga ardhi kwa kisigino:
"Hii usiichimbe. Mpangaji si mpandaji."
Nikaitikia. Kodi ya miezi sita ilikuwa mfukoni mwake.

Uwanja wenyewe hatua nne kwa tatu,
ukitandika mkeka kuku hana pa kupita.
Lakini jua la Ilemi, likishaupasha mgongo wa Loleza,
hushuka pale saa tatu, likaegemea ukuta
mpaka nguo zikauke.
Jua halikuandikwa kwenye mkataba.

Basi sikuchimba. Nilipanda juu ya ardhi:
stroberi kwenye sufuria lililotoboka,
tunda damu ndani ya tairi la Fuso,
pasheni kwenye mfuko wa saruji, ikaparamia kamba ya nguo
hadi mashati ya wateja yakawa yananing'inia na maua.
Na kokwa moja la fyulisi
nililolitemea kiganjani nikitoka Mwanjelwa,
nikalifukia kwenye ndoo ya rangi, lita ishirini,
yenye tundu moja chini, pana kama kidole gumba.

"Fundi, sasa unashona miti?"
alicheka Anyosisye wa chumba cha pili,
na maji yake ya kuoshea mchele akaniletea.
Niliipogoa kwa mkasi wa vitambaa,
dhambi ambayo fundi cherehani haikiri hata kanisani.

Julai, usiku ulipoanza kubana kama koleo,
tunda damu nikalishonea koti la vipande:
mabaki ya sare za shule, kitenge cha msiba,
pindo la suruali ya bwana harusi mfupi.
Mfyulisi nikauacha uchi.
Muuza miche wa Uyole alishanionya:
huo usipopigwa baridi hauzai.
Ukapukutika wote, ukabaki fimbo.
Nikawa naukwaruza gome kwa ukucha kila Jumapili,
nione kama bado kuna kijani.

Mwaka wa nne ukatoa maua kabla ya majani.
Nilihesabu kumi na tisa. Upepo ukachukua yake,
watoto wakachukua yao,
yakabaki saba, yenye manyoya kama sikio la ndama.
Na mwezi huohuo Mzee akapandisha kodi.
Kumbe naye ana anachopandisha.

Guta likaja alfajiri. Cherehani kwanza, kitanda,
sufuria la stroberi juu ya godoro,
pasheni nikaizungusha kama kamba.
Ndoo ikagoma.
Nikasukuma. Kijana wa guta akasukuma.
Nikaiinamisha kidogo, nikachungulia:
mzizi ulishalipasua lile tundu,
mnene kama kifundo cha mkono wa mtoto,
umezama kwenye ardhi niliyokatazwa.

Kijana akaomba panga.
Mzee alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai.
"Mimi sikuchimba," nikamwambia.
Akatazama ndoo, akanitazama mimi,
akanywa funda moja refu.
"Naona," akasema. Basi.
Panga sikulitoa.

Desemba nilipita njia ile na gauni la mteja begani.
Getini amekaa Ndimbumi, mjukuu wa Mzee,
na sinia: mafungu ya matano matano, mia tano.
"Yametoka wapi haya?"
"Ya kwetu."
Nikanunua mafungu mawili. Sikuomba anipunguzie.
Moja nililila palepale, nimeinama mbele
maji yasilichuruzikie gauni la watu.
Lilikuwa na ukakasi kidogo karibu na kokwa,
kama nilivyodhani litakuwa.

Nilikwisha vuka mtaro nikarudi.
"Mwambie babu yako: Julai,
hata akiuona umekufa kabisa,
asiukate. Akwaruze kwanza."