Mabomba ya Kijivu

Doa lilianza dogo, juu ya jokofu,
rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni.
Barnaba akalipaka chokaa. Likarudi.
Akalipaka tena. Likarudi limenenepa,
na Jumapili moja, wali bado uko mezani,
dari likacheua.

Watu wa bima waliandika kwa adabu:
nyumba za miaka ile, mabomba ya aina ile,
hatufidii. Wasalaam.
Niliisoma barua mara tatu nikitafuta mlango.

Fundi alikuja Jumanne. Delbert Skaggs,
mtu wa hapahapa Louisville, magoti yamechoka.
Akaingia mvunguni mwa nyumba kwa tumbo
kama anayefuata sarafu iliyobingirika,
nami nikasikia sauti yake chini ya zulia,
chini ya meza ya chakula, chini ya nyayo zangu:
"Mama, lete tochi. Njoo uone."

Nikatambaa. Udongo baridi, buibui,
mabomba ya kijivu yamelala sambamba
kama watoto wa kitanda kimoja.
Na kwenye boriti, kwa penseli ya seremala:
*D.S. Machi 86. Mvua.*

"Ni mimi huyo," akasema. "Nina miaka kumi na tisa.
Mtaa mzima tuliufunga kwa wiki mbili.
Tuliambiwa haya yatatuzika."

Sikujua nimpe pole
au nimdai.

Alikata kipande, akakibana kwa vidole viwili.
Kikamomonyoka kama ganda la yai la kuchemsha.
Si kutu, alisema. Ni dawa ileile
wanayotia majini ili tusiugue:
miaka arobaini inalilamba bomba kwa ndani,
polepole, bila chuki,
na nje bado laini kama siku ya kununuliwa.

Dola elfu nane na mia nne.
Humo mlikuwamo bati za kaka yangu, Makambako;
paa lake nalo linavuja.
Nikampigia nikasema benki inachelewesha.
"Usijali, dada," akajibu, "huku mvua zimegoma."
Nyuma yake nilizisikia, juu ya bati kuukuu,
zikishuka kwa kwato.

Siku tatu bila maji.
Tuzo, miaka saba, mzaliwa wa hapa,
akasimama ndani ya hodhi la kuogea, uchi, anatetemeka,
mbele ya ndoo, kama amepelekwa kwa mganga.
Nikamfundisha: kopo la kwanza miguuni,
la pili mgongoni, mwili upate habari,
kichwa mwishoni, na usivute pumzi.
Kopo la tatu akaninyang'anya.
"Mbona siku zote mlinificha hii?"

Mapya ni mekundu kwa maji moto, ya buluu kwa baridi,
yanapinda kona bila kuvunjwa shingo.
"Na haya," nikamwuliza Delbert, "yatatuzika?"
Akafuta mikono kwenye suruali, taratibu,
kidole baada ya kidole.
"Wanasema miaka hamsini."
Akatazama barabara. "Wanasema."

Kisha akarudi mvunguni, bila spana.
Alipotoka, penseli ilikuwa sikioni.
Sikumwuliza ameandika nini. Nje kulikuwa na jua.

Koki ilipofunguliwa, bomba likakohoa,
likatema hewa, likatema maziwa,
ndipo likaanza kusema kama maji.

Usiku nimeamka saa tisa kusikiliza.
Hakuna tone. Nimesimama jikoni hata hivyo,
miguu peku, nikilisubiri lile doa
ambalo sasa ni tundu la mraba na ubao mpya.

Ndoo bado iko chini yake.
Nimeinama niiondoe, ikanishinda uzito:
Tuzo ameijaza,
na kopo linaelea.