Bendera Mbili za Mezani

Waliniagiza bendera mbili za mezani,
mimi Cibalonza, fundi wa Kadutu,
cherehani yangu ni ya kukanyaga
kwani umeme wa Bukavu ni mgeni,
huingia bila hodi, huondoka bila kwaheri.
Karatasi ya vipimo ilikuja na mhuri:
ya wageni ipite yetu kwa vidole vitatu.

Nikauliza, kwa nini?
Kijana wa ofisi akatazama viatu vyake.

Wiki iliyopita ndege zao zilipita juu ya ziwa,
chini kabisa, mabati yakatetemeka.
Hazikudondosha kitu. Zilipita tu.
Kesho yake benki hazikufunguliwa,
chumvi ikapanda, petroli ikafichwa,
na jioni redio ikatangaza, kwa sauti ya arusi,
kwamba tumealikwa kuzungumza.

Mwenye nguvu mpishe, mama alinifunza.
Tulimpisha. Akaichukua na njia.
Sasa anataka tumwandikie, kwa hiari yetu,
kwamba njia ilikuwa yake tangu zamani.

Nimeshona. Nina kodi ya kibanda, nina watoto wanne.
Lakini hawakuandika vidole vya nani.
Nikamwita Nsimire, kitinda mimba wangu,
nikalaza vidole vyake vitatu juu ya kitambaa,
vingali na mafuta ya sambaza,
nikakata hapo.

Kijana akaja, akapima kwa macho,
akapima tena, akanyamaza.
Akalipa nusu.
Nusu nyingine, alisema,
baada ya kutia saini.