Alama za Vidole

Mashine ya Kampala imenikana.
Kijana mwenye glavu alikilaza kidole gumba changu juu ya kioo,
akakibonyeza, akakifuta kwa spiriti, akakibonyeza tena,
kisha akamwita mwenzake aje kuona.
"Mama, unafanya kazi gani?"
Nasuka, nikamwambia.
Nasuka tabaga, kawa za kufunikia chakula,
kwa ukindu niliotia rangi mwenyewe.
Njoo Bombo, nyuma ya msikiti, uliza Kaltuma binti Rajabu,
utaletwa hadi mlangoni.
Akasema kioo hakiijui Bombo.

Mwaka wa nne huu karatasi zinakwenda na kurudi.
Walianza na jina.
Kitambulisho kinasema Kaltuma,
cheti cha ndoa Kulthum, kwa mwandiko wa sheikh,
na kadi ya kliniki ya mtoto, Kalitumu,
maana nesi alikuwa Muganda
hakupenda konsonanti zibanane bila irabu katikati.
Nikamlipa wakili wa Wandegeya aape mbele ya muhuri
kwamba wanawake hawa watatu wanalala kitanda kimoja.

Wakataka ushahidi wa mapenzi.
Picha. Risiti. Siku tulizoongea, na kwa dakika ngapi.
Swaibu, sisi tulitunza risiti lini?
Mapenzi yalikuwa wewe kunibakishia ngozi ya kuku,
mimi kujifanya nimelala ukirudi umechelewa,
nawe ukijua, ukivua viatu kimya kimya hata hivyo.
Hayo nikayagongeshe muhuri ofisi gani?

Majirani wananihesabia dola.
"Mume yuko Minesota, nawe unaazima chumvi?"
Nacheka. Naichukua chumvi.
Sitawaambia kwamba tangu barafu ikuangushe mlangoni pa ghala
na mgongo ukakataa kubeba,
ni mimi ninayetuma.
Laki tatu zinatoka kwa wakala Hadija nzito kama gunia,
zinakufikia nyepesi kama kapi.
Na fomu, ukurasa wa tisa, inauliza bila haya:
anayeita ana uwezo wa kumlisha anayeitwa?
Basi namlisha anayeita
ili aonekane ana uwezo wa kunilisha.

"Zipumzishe wiki mbili," alisema kijana.
"Usiguse ukindu. Paka mafuta. Mistari hurudi."
Alisema vizuri, kwa huruma, kama daktari.
Sikumuuliza kodi yako ya tarehe moja itapumzika wapi.

Usiku nilivisogeza vidole kwenye taa.
Laini. Vinang'aa kama kitako cha sufuria iliyosuguliwa majivu.
Mistari yangu imeenda wapi?
Nikakumbuka lile duka la Entebe,
wageni wananunua tabaga na kuzitundika ukutani, hawafuniki chochote.
Pengine nimeshafika huko kwenu, Swaibu,
natundikwa sebuleni mwa watu, mwekundu na mweusi,
sijaitwa mahojiano.

Siku ya kwanza mafuta ya simsim.
Ya pili mafuta ya simsim.
Mikono ilikaa mapajani kama wageni wasiojua wasaidie nini.
Ya tatu uliandika: mwenye nyumba amebisha tena.
Ya nne sikulala.

Leo ni ya tano, na imekuja oda kutoka Arua,
harusi, tabaga arobaini, nusu ya pesa mkononi.
Nimeutazama ule ukindu uliolowekwa mpaka maji yakageuka rangi.
Kisha nimemwita Muzamiru,
miaka sita, anayemjua baba kwa ukubwa wa kioo cha simu.
Shika hapa, mwanangu. Mama atakaza kwa meno.
Akavuta kwa nguvu zote, ulimi nje, akitaka kunifurahisha.
Polepole, nikamwambia, usijikate.
Vyako bado tunavihitaji.